Jiko Lisiloguswa na Maji

Kila anayekuja kunipa pole huishia kuuliza kuhusu lile rundo lililofunikwa turubai chini ya mparachichi. Wengine hudhani ni vigae vya kujengea kaburi. Mwenyekiti wa mtaa aliniomba nimpe akachanganye kwenye zege la msingi wake, nikamjibu jibu ambalo mjane hatakiwi kulitoa, na mpaka leo sijalijutia. Naitwa Annastella, na sijawahi kusifiwa kwa upole wa ulimi. Laiti ulimi huo ungefanya kazi siku niliyouhitaji.

Lile rundo ni jiko. Mume wangu, Mutembei, alilitoa kwenye hoteli moja ya ufukweni pale Bukoba mjini, ambako alipika kwa miaka kumi na tisa. Hoteli ilipofungwa, mwenye nayo akawaambia wafanyakazi kila mtu achague kitu cha kuondoka nacho. Wenzake walichagua friji, magodoro, televisheni. Mume wangu akachagua jiko la mkaa la kauri, limetumika, limepauka, zito kiasi kwamba wanaume wanne walilishusha kwenye Canter huku wakimtukana kichinichini. Lilikuwa na umbo la yai kubwa, la kijani kwa nje, limenifika kifuani, na mfuniko wake wa kauri hiyohiyo ulifunguka kwa bawaba. Chini lilikuwa na kidirisha cha kuingiza hewa, na juu kingine cha kuitoa.

"Yaani kuna magodoro ya futi sita," nilimwambia, "halafu wewe unaniletea chungu?"

"Subiri ule samaki wake," alisema.

Nikala. Sikuyataja tena magodoro. Sato wa lile jiko alitoka ngozi imekauka na nyama imelainika, na moshi umemwingia mpaka kwenye mifupa. Watu walianza kuja kwetu Ijuganyondo kutoka mjini kuagiza samaki wa kipaimara, wa ndoa, wa kumpokea padri. Mume wangu, ambaye niliogopa angekauka kwa kukosa kazi, alirudi kuwa mtu.

Kulitunza lile jiko ilikuwa ibada yake. Kwanza aliwasha moto mkali bila chakula ndani, akafungua vidirisha vyote viwili, mafuta yaliyoganda kwenye kuta yakaungua yenyewe mpaka yakawa unga. Kisha aliliacha lipoe kwa wakati wake, hata kama ni mpaka jioni. Likishapoa alichota majivu kwa kijiko kikuukuu, akatoa bakuli la ndani linalobeba mkaa, akapangusa kila mahali kwa brashi kavu, akazibua matundu kwa njiti. Wavu wa chuma aliusugua kwa nusu ya kitunguu, akaupaka mafuta. Bawaba alizitia tone la oili ya cherehani yangu, bila kuniomba. Na utepe wa sufu unaozunguka ukingo, ule unaozuia moshi kutoka mfuniko ukishafungwa, ulipochakaa alikata pindo la koti lake, akalibandika kwa gundi ya mafundi wa magari. Lilikuwa koti la harusi yetu. Nilinuna siku mbili.

Kuta za ndani zilibaki na weusi usiotoka. Alisema ni sawa, ndivyo linavyotakiwa kuwa. Na kila mara alipomaliza alisema maneno yaleyale: "Mama Jenifa, hili haliguswi na maji. Wala sabuni. Kauri inakunywa. Ikishakunywa halafu ukaipa moto mkali, inapasuka." Aliniambia mimi, akamwambia binti yetu Jenifa, nadhani aliwaambia hata kuku.

Kwa hiyo nisimdanganye mtu kwamba sikujua. Nilijua, ila sikuamini. Mimi nimelelewa na mama ambaye sufuria zake zilianikwa kichanjani ziking'aa ndani na nje, na binti aliyeacha masizi kwenye kitako cha sufuria alisugua tena huku wenzake wakila. Kwetu chombo ambacho hakijapita majini ni kichafu, hata mwenye nacho aeleze vipi.

Sasa nimseme Sospeter.

Sospeter ni mdogo wake Mutembei, tumbo moja. Anaishi Kimwani, kule Muleba, kwenye kibanja cha migomba walichozaliwa. Miaka saba ndugu hawa hawakusemezana. Mama yao alifariki wakati Mutembei yuko Mwanza, hoteli imempeleka kozi, na mvua ya mwaka ule ilikuwa imekata barabara. Sospeter alimsubiri siku tatu. Siku ya nne wazee wakasema maiti haiwezi kukaa zaidi, akazika. Mutembei alifika asubuhi iliyofuata, viatu mkononi, matope mpaka magotini, akakuta udongo umeshashindiliwa na maua yameanza kunyauka. Hakuingia ndani. Aligeuza palepale akarudi Bukoba, na tangu siku hiyo, mtu akimtaja Sospeter mezani kwetu, yeye huomba chumvi.

Aliyewasogeza ni Jenifa. Anafundisha shule Kagoma, si mbali na baba yake mdogo, akawa anabeba salamu huku na huku mpaka salamu zikaanza kujibiwa. Mwaka jana, mwezi wa nne, Mutembei akasema mwenyewe, bila kuulizwa, "Mwambie aje Jumapili. Aje na mke wake. Atawasha jiko."

Mimi nilielewa maana yake. Mama yao alikuwa na utaratibu wake. Wanawe wakigombana hakuwachapa. Aliuzima moto wa jikoni, akamwita aliyekosa aje auwashe upya mbele ya mwenzake. Moto ukishika wanapika pamoja, wanakula, na kesi imekwisha. Atakayeifufua analala njaa. Mutembei alinisimulia hayo tulipooana, na tangu wagombane hakuwa ameyataja tena. Nilipomsikia anasema Sospeter atawasha jiko, nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kidogo kwa furaha.

Ijumaa alilisafisha kwa namna yake, moto, brashi na kijiko. Jumamosi asubuhi akapanda bodaboda kwenda mwaloni, wanakoshushia samaki ziwani, kutafuta sato. Mimi nikabaki nafagia uwanja, na ndipo akaingia Ephrasia, jirani yangu, kiongozi wa akina mama wa jumuiya yetu. Ephrasia ni mtu mwema mwenye macho ya mkaguzi. Alilizunguka lile jiko, akainua mfuniko, akachungulia.

"Waitu, Ma Anna," alisema. "Wageni wa kesho mtawapikia humu?"

"Ndiyo."

"Na huyo mke wa Sospeter ndiye yule Bernadina wa Kimwani? Ninayesikia hata jiwe la jikoni kwake analisugua?" Akashusha mfuniko kwa vidole viwili, akavipangusa kwenye kanga. "Haya. Mimi nimepita tu kuwasalimia."

Akaondoka. Nilisimama pale na ufagio wangu, damu inachemka. Miaka saba hatujaonana na Bernadina, na cha kwanza atakachokiona nyumbani kwangu ni weusi ule. Atarudi Kimwani aseme shemeji yangu wa mjini anapikia kwenye tundu la moshi. Niliambiwa haliguswi na maji, lakini aliyeniambia ni mwanaume, na wanaume tangu lini wakajua usafi?

Niliteka ndoo tano. Nilimimina sabuni ya unga, nikachukua majivu na steelwool, nikaingiza kichwa na mikono ndani ya lile yai, nikasugua kwa hasira zangu zote. Povu lilitoka jeusi, kisha kahawia, kisha likaanza kuwa jeupe. Nilipolisuuza niliona jambo ambalo lingenishtua kama ningekuwa na akili: maji niliyomwaga hayakutoka yote. Ndoo nzima iliingia, ikatoka nusu. Nilidhani yamepitia kwenye vidirisha. Nikalifuta kwa kitambaa, nikaliacha wazi juani. Kwa nje lilikauka upesi, likang'aa.

Mutembei aliporudi na samaki wake kwenye beseni, alisimama kulitazama.

"Umelifanya nini?"

"Nimelifuta."

"Kwa kitambaa kikavu?"

"Kikavu," nilisema.

Akatabasamu. Akapitisha kiganja juu ya mfuniko. "Umelipendezesha, mama Jenifa. Kesho ni siku kubwa." Nilimwangalia anavyofurahi na nikaona hakuna haja ya kumharibia. Huo ndio uongo wangu wote, maneno mawili tu.

Jumapili baada ya misa walifika. Sospeter alikuwa amezeeka kuliko kaka yake. Alibeba mkungu wa ndizi begani kutoka stendi, hakukubali kusaidiwa. Nikawatolea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama ilivyo desturi, wakatafuna bila kutazamana, kila mmoja amekazia macho punje zake. Jenifa alinifinya mkono. Kisha Mutembei akainuka, akatoa kiberiti mfukoni, akamkabidhi mdogo wake.

"Twende ukawashe," alisema.

Sospeter alikipokea kile kiberiti kwa mikono miwili. Bernadina alijiziba mdomo kwa kitambaa. Hakuna aliyemweleza, lakini alijua.

Wakaenda wote wawili. Mutembei akawa anaelekeza, mkaa kiasi gani, njiti ziwe wapi, na akamwambia afungue hewa ya chini yote na ya juu yote, maana alitaka moto mkali wa kukaushia ngozi ya samaki. Moto ukashika. Walikaa kwenye viti vya plastiki pembeni, na baada ya kitambo nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia nyumbani kwangu: mume wangu na ndugu yake wanacheka. Walikuwa wanamwigiza mama yao. "Atakayeifufua kesi," alisema Sospeter kwa sauti ya kikongwe, na Mutembei akamalizia, "alale njaa!"

Nilikuwa nimetoka na beseni la samaki mikononi jiko lilipolia.

Lililia kama mti unaoangushwa. Mfuniko ulipasuka vipande vitatu, kimoja kikaanguka miguuni pa Mutembei, na tumbo la jiko likafunguka kutoka ukingoni mpaka chini. Mkaa mwekundu ukamwagika kwenye nyasi. Mvuke ulitoka ndani ya kuta, mwingi, mweupe, na mimi peke yangu nilijua umetoka wapi.

Jenifa alikimbia na ndoo kuuzima mkaa. Mutembei alisimama tu.

"Umefanya nini?" alimwuliza mdogo wake.

"Nimewasha kama ulivyoniambia, kaka."

Sospeter aliinama akaokota kipande kidogo kwa ncha ya shati lake, maana kilikuwa cha moto. Akakigeuza, akakisogeza usoni, akakitazama muda mrefu. Kisha akanitazama mimi. Nilikuwa bado nimeshika beseni. Nilifungua mdomo, naapa nilifungua. Yeye akakiweka kile kipande chini polepole.

"Nisamehe, kaka," alisema. "Nadhani nilizidisha mkaa."

Na mume wangu, mtu ambaye dakika moja nyuma alikuwa anacheka, akasema maneno ambayo hata mimi sikudhani yanaweza kutoka kinywani mwake. "Mama ulinizikia. Sasa umekuja kunivunjia na hili. Umebakiza nini?"

Hawakula. Sospeter alichukua koti lake, Bernadina akanikumbatia, wakaondoka na jua lingali kali. Wale sato niliwachemsha. Tuliwala mimi na Jenifa, kwa kulazimishana.

Mtu ataniuliza kwa nini sikusema. Nimejiuliza mimi kabla yake. Mutembei hakuwahi kuniinulia mkono hata siku moja, kwa hiyo nisisingizie woga wa kipigo. Siku ya kwanza nilisema ngoja hasira zishuke. Wiki ya kwanza nilisema nitamwambia Jumapili. Baada ya mwezi, jambo halikuwa tena kuosha jiko. Lilikuwa kunyamaza mwezi mzima nikimwona mtu anateseka, na hilo lilikuwa zito kulitamka kuliko la kwanza. Nililipeleka kwenye kitubio. Padri akanisikiliza, akasema, "Mwambie mumeo." Nikahama, nikaanza kuungamia parokia nyingine, kwa padri mzee asiyesikia vizuri. Mjue anayewasimulia haya ni mtu wa namna gani.

Mutembei alikusanya vigae vyote, hata vidogo kama kucha. Alivipanga chini ya mparachichi kwa mpangilio, cha mfuniko na cha mfuniko, cha tumbo na cha tumbo, akajaribu kuviunga kwa ile gundi ya mafundi wa magari. Havikushika. Akavifunika turubai. Jumamosi, saa zake za kusafisha jiko, alikaa kwenye kile kiti cha plastiki, brashi mkononi. Wateja walipopiga simu kuagiza samaki, alisema ameacha. Siku moja mbele ya mzee Rutaihwa, mkubwa wa ukoo wao, na mbele ya Jenifa, akasema, "Mimi nikifa, Sospeter asishike koleo. Alizika mama peke yake, inamtosha." Rutaihwa alijaribu kumtuliza. Mimi nilikuwa namimina chai. Niliendelea kumimina.

Mwezi wa sita mwaka huu presha ikamwangusha. Alilazwa siku tisa. Siku ya saba alikuwa na nafuu, ameketi, ameegemea mto, akaniita nisogee.

"Nimekuwa nafikiria lile jiko," alisema. "Mkaa haukuzidi. Nilikuwepo, niliuona. Nadhani lilikuwa na ufa tangu hotelini, mimi ndiye sikuuona. Nimemwonea Sospeter."

Nilishika chuma cha kitanda.

"Nikitoka hapa nitampigia," alisema. "Au hata leo. Simu iko wapi?"

Simu ilikuwa kwenye mkoba wangu, begani kwangu, ina chaji na ina salio. Niliona yote yatakayofuata. Atampigia, Sospeter atauliza, wataanza kutafuta ufa ulikuwa wapi, na mwisho wa kutafuta kwao ni mimi na ndoo zangu tano.

"Pumzika kwanza," nilimwambia. "Daktari amekataza maongezi. Utampigia ukitoka."

"Haya," alisema. Alikuwa mtu wa kunisikiliza.

Alifariki siku ya tisa alfajiri.

Tulimzika hapahapa Ijuganyondo, kwenye kibanja chetu, kati ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Sospeter alifika asubuhi, safari hii hakubeba kitu. Alijua lile neno la koleo, maana mambo kama hayo husafiri kwa kasi. Hakuingia uwanjani. Alisimama kule kwenye mpaka wa kibanja, karibu na njia, kofia mkononi, peke yake, na watu wakapita wakimkwepa. Mimi nilikuwa nimekaa ndani na akina mama, dirisha likiwa wazi, na nilimwona kwa saa mbili nzima. Hakuegemea kitu.

Jeneza lilipotolewa, na wanaume wakaanza kushika makoleo, nilisimama. Ephrasia akanivuta kanga, "Kaa, waitu, mjane haendi huko bado." Nikamwachia kanga.

Kaburini nilimwambia mzee Rutaihwa, "Sospeter aitwe."

"Mwanangu, wewe na mimi tulisikia alichosema marehemu."

"Alibadilisha. Hospitali aliniambia amemwonea. Alitaka kumpigia simu."

Rutaihwa alinitazama. Ni mzee, lakini si mjinga. "Alimsamehe?"

Pale ndipo palikuwa na mlango wa kupitia. Ningesema ndiyo, alimsamehe, na kila mtu angefuta machozi, Sospeter angepewa koleo kama mkosaji aliyerehemewa, na mimi ningerudi kukaa kwenye mkeka wangu. Neno moja tu, na ningelisema mbele ya watu wanaonihurumia. Nilitazama jeneza. Nilikumbuka "kikavu".

"Hakuna cha kumsamehe," nilisema, na nilisema kwa sauti ili hata walioko nyuma wasikie. "Jiko nililipasua mimi. Nililiosha kwa maji na sabuni, mume wangu akaniuliza, nikamdanganya. Sospeter aliwasha tu. Mwaka na miezi miwili nimenyamaza, na Mutembei amekufa hajui."

Sijui nilitegemea nini. Hakuna aliyepiga kelele. Jenifa alinitazama kama mtu anayesoma jina ambalo halifahamu, kisha akageuza uso. Mpaka leo akinipigia anauliza kama nimekula, anasema sawa, anakata.

Rutaihwa alikwenda mwenyewe mpaka njiani. Alirudi amemshika Sospeter mkono, akampa koleo, watu wakampisha. Akafukia. Wengine walipotaka kumpokea alikataa. Alifukia mpaka mikono ikamtoka damu, na udongo ulipokwisha alipiga magoti akausawazisha kwa viganja.

Alasiri, watu walipokwenda kula, nilimwona amekaa kwenye kile kiti cha plastiki chini ya mparachichi. Alikuwa ameinua pembe ya turubai. Nikampelekea maji ya kunywa, maana sikuwa na kingine cha kumpa. Nilipiga magoti kama tunavyompa mtu mkubwa, ingawa yeye ni mdogo kwangu.

"Shemeji," nilisema, "sitakuomba unisamehe leo. Nilitaka tu uwe umelisikia kwangu."

"Nilijua, shemeji."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Kile kipande nilichookota kilikuwa kinanuka sabuni," alisema. Hakuwa na hasira. Alisema kama anavyosema mtu aliyechoka. "Ndani kilikuwa kibichi, kinachuruzika. Nikakutazama, nikajua."

"Sasa kwa nini hukumwambia?"

"Ningemwambiaje? Ile ni nyumba yenu. Na mimi nilikuwa nimeshazoea kulaumiwa na kaka, nikaona siku moja zaidi si kitu." Akafunika turubai, akalivuta vizuri mpaka chini. "Nilidhani utamwambia mwenyewe. Jioni ileile, au kesho yake. Nikawa natembea na simu hata kibanjani, Bernadina ananicheka. Ikilia nafuta mikono kwanza, nadhani ni kaka."

Alikunywa maji yote, akanirudishia bilauri, akasema asante.